Land Rover au Land Cruiser? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu magari ya fowili Nyanda za Juu Kusini

Hapa yamekusanywa maswali yanayorudi kila msimu kati ya Iringa, Mufindi, Njombe, Makete, Mbeya na Rungwe, kwenye gereji, stendi na vijiwe vya madereva. Yanaanza na ya msingi na kuishia kwenye mambo magumu. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Gari la fowili (linalosukumwa na tairi zote nne) la kweli linatambulikaje?

Chungulia chini, usiangalie urefu. Gari la kazi lina chesesi ya ngazi, yaani mihimili miwili mirefu iliyounganishwa kwa vyuma vya kukatiza, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Lina transfa yenye gia nzito, ile seti ya pili inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kuvuta. Mengi ya zamani yana ekseli nzima mbele na nyuma. Land Rover za zamani hadi Defender ya 2016, Land Cruiser za mfululizo wa 70, Nissan Patrol Y60 na Y61, na Suzuki Jimny zote zina hayo.

RAV4 au Noah ya fowili husaidia kwenye utelezi mdogo, lakini haina gia nzito. Kwenye mteremko mkali wenye tope, hilo ndilo litakalokukwamisha.

2. Kwa nini wenye Land Rover na wenye Land Cruiser hawapatani?

Kwa sababu kila upande unazungumzia jambo lake. Mmoja anasifu muundo, yaani jinsi gari lilivyobuniwa. Wa pili anasifu ubora wa utengenezaji: nyaya, sili, rangi, bolti zilizokazwa vizuri kiwandani. Wa tatu anasema gari fulani ni bovu, kumbe anaongelea gari moja alilonunua likiwa limeshachoka. Wakichanganya hayo matatu, mabishano hayawezi kuisha.

Kimuundo, Land Rover ilitangulia kwenye mambo mengi. Ilioneshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na 110 ya mwaka 1983 ilikuja na koili springi pande zote nne na fowili ya kudumu, wakati Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyotoka 1984, iliendelea na springi za bapa. Kwenye utengenezaji, Toyota ilishinda: sili zinashika, nyaya hazichezi, milango inaziba. Ukisema Land Rover ilibuniwa vizuri na Land Cruiser ilifungwa vizuri, utakuwa umewatendea haki wote wawili.

3. Basi lipi ni bora kwa huku kwetu?

Jibu linatokana na njia yako, mzigo wako na fundi wako, kwa mpangilio huo.

Kama kazi ni kubeba viazi, mbao au mbolea kila wiki kati ya Makete, Njombe na Makambako, chukua Land Cruiser 79, pikapu yenye injini ya 1HZ. Spea zake zinapatikana Mwanjelwa, Mafinga na Makambako, na fundi yeyote wa dizeli anaijua. Kama unasafirisha watu wachache kwenye njia mbovu kupindukia, kwa mfano vijiji vya juu vya Ludewa wakati wa masika, Defender 110 yenye injini ya 300Tdi hupita vizuri kwa sababu ya koili zake na uzito mdogo. Lakini uwe na fundi anayeijua kweli, si wa kubahatisha.

Kama unaishi mjini Mbeya na unapanda shambani Isongole au Uyole mara mbili kwa mwezi, yote mawili ni makubwa kupita haja yako. Soma swali la 11.

Mapenzi ya chapa si kosa. Mtu anayelipenda gari lake hulipaka grisi kwa wakati. Kosa ni kulipia chapa huku chesesi imeoza (swali la 18).

## Muundo na utengenezaji

4. Bodi ya aluminiamu au ya chuma: ipi inadumu?

Land Rover ilianza kutumia aluminiamu kwa sababu Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Mabapa mengi yamefungwa kwa bolti na ribiti, hivyo bawa la mbele lililokunjwa unaweza kulitoa kwa spana na kufunga lingine siku hiyohiyo. Ila si fundi wa kulehemu wa barabarani anayeweza kuchomelea aluminiamu. Mashine ya kawaida ya fimbo huitoboa tu.

Wengi husahau kwamba si Land Rover yote iliyo aluminiamu. Chesesi ni chuma, na ukuta kati ya injini na kebini, pamoja na pa kuwekea miguu, ni chuma pia. Pale aluminiamu inapogusa chuma na maji yakakaa katikati, aluminiamu huliwa na kuwa unga mweupe. Chunguza kingo za chini za milango na pale bodi inapokalia chesesi.

Bodi ya Land Cruiser ni chuma tupu. Huoza kwenye mifereji ya paa, kuzunguka kioo cha mbele na chini ya zulia, lakini kila mji una mtu wa kuichomelea.

Huku kwetu barabara hazimwagiwi chumvi, kwa hiyo gari lililozeekea Iringa huwa na chesesi safi kuliko lililotoka Uingereza, sehemu za Japani zenye theluji, au pwani ya bahari.

5. Springi za bapa au koili?

Bapa kwa mzigo, koili kwa njia. Springi za bapa hubeba uzito bila kulalamika, na bapa moja likikatika unaweza kufunga lingine hata porini. Koili huacha tairi kushuka na kupanda zaidi, hivyo tairi zote nne hubaki zimeshika ardhi kwenye makorongo.

Toyota ilichagua katikati: tangu 1999, Land Cruiser 78 na 79 zina koili mbele na bapa nyuma. Kwa mazao ya Nyanda za Juu huo ni mpangilio mzuri kweli. Ukifunga bapa za kuongeza nguvu nyuma, usizidishe. Gari likiwa tupu litarukaruka na kuvunja vishikio vya shokapu, na siku ukilijaza, mzigo wote utahamia kwenye chesesi.

6. Naweza kutumia fowili kwenye lami?

Inategemea transfa. Defender ina fowili ya kudumu na difu ya katikati, kwa hiyo lami si shida alimradi difu loki ya katikati imezimwa. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, Patrol, Hilux nyingi na Land Rover za Series zina fowili ya kuweka, bila difu ya katikati. Ukiweka fowili kwenye lami kavu na kukata kona, ekseli ya mbele na ya nyuma zinahitaji kuzunguka kwa kasi tofauti na haziwezi. Nguvu hubanwa ndani ya transfa, usukani unakuwa mzito, halafu lever haitaki kutoka.

Ikishabana, usilazimishe. Rudi nyuma mita chache ukiwa umenyoosha usukani, au panda tairi moja kwenye mchanga pembeni, nayo itaachia. Frihabu za mkono (kufuli za habu za mbele zinazounganisha tairi na ekseli) zikiwa wazi, fowili haitafanya kazi hata lever ikiingia, na kila mwaka kuna mtu anayekwama na kulaumu transfa kwa sababu hiyo.

7. Kwa nini gari langu linaishiwa nguvu na kutoa moshi mweusi nikipanda Kitulo?

Hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600, kwa hiyo 1HZ inafika huko ikiwa imepoteza kama robo ya nguvu yake. Pampu inaendelea kutoa dizeli ileile, hewa haitoshi kuichoma, na kilichobaki kinatoka kama moshi.

Usikimbilie kufungua pampu. Shuka gia moja, acha injini izunguke mara 2,200 hadi 2,800 kwa dakika, na usikanyage hadi chini. Ukiona moshi uleule ukiwa Chimala au Rujewa kwenye tambarare, hapo ndipo uangalie filta ya hewa, halafu noseli. Injini yenye tabo, kama 300Tdi, haisumbuki sana na urefu huo. Hii ni hoja ya kweli ya upande wa Land Rover ambayo haitajwi inavyostahili.

## Injini

8. 1HZ inasifiwa sana. Ina udhaifu gani?

Ni silinda 6, lita 4.2, dizeli ya kizamani isiyo na tabo wala komputa, iliyoanza 1990. Sifa zake ni za haki. Udhaifu wake ni mitatu.

Kwanza, mkanda wa taimingi. Unabadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali hugonga pistoni. Wengi wananunua gari lenye kilomita zisizojulikana na kuendelea kutembea. Kama huna ushahidi wa maandishi, badilisha mkanda pamoja na kikaza chake wiki ya kwanza.

Pili, haivumilii kuchemsha. Silinda hedi hupasuka kati ya vali na kwenye vyumba vidogo vya kuwashia. Dalili ni mapovu kwenye rejeta asubuhi injini ikiwa baridi, na bomba la juu kuwa gumu dakika chache baada ya kuwasha.

Tatu, plagi za hita. Asubuhi za Juni na Julai Makete na Njombe, plagi 2 mbovu kati ya 6 zinatosha kukufanya umalize betri. Baadhi ya magari haya ni ya volti 24, mengine 12. Fundi akifunga plagi za volti 12 kwenye mfumo wa 24, zinaungua siku hiyohiyo.

Oili inayoingia ni kati ya lita 9 na 10 pamoja na filta. Kwa vumbi la barabara za Usangu na Ruaha, badilisha kila kilomita 5,000.

9. 300Tdi na Td5: ipi nichukue?

300Tdi, kwa mtu wa huku. Ni lita 2.5, haina komputa, na mwenye spana anaweza kuitengeneza njiani. Mkanda wake wa taimingi usiachwe upite kilomita 60,000 kwenye vumbi. Za mwanzo zilikuwa na tatizo la mkanda kukaa upande na kuchanika pembeni, kwa hiyo ukifungua na kukuta unga wa raba ndani ya kifuniko, puli zinahitaji seti iliyorekebishwa, si mkanda mpya peke yake.

Td5 ni silinda 5, ina nguvu zaidi na inatumia mnyororo badala ya mkanda. Inaongozwa na komputa iliyo chini ya kiti, na nyaya za noseli zinapita ndani ya oili. Zikichoka, oili hutambaa ndani ya waya hadi kwenye plagi nyekundu ya komputa, na gari linaanza kukata. Kusafisha plagi hiyo ni tiba ya wiki chache tu. Dawa ni kubadilisha nyaya za ndani. Td5 za miaka ya mwanzo pia zina bolti ya pampu ya oili inayoweza kulegea na kudondoka. Kama hakuna anayejua iliwahi kukazwa kwa gundi ya nyuzi, shusha sampu (bakuli la oili chini ya injini) uikague bolti hiyo kabla ya kusafiri mbali.

10. Vipi V8 ya dizeli na injini nyingine za komputa?

V8 ya lita 4.5 iliyoingia kwenye mfululizo wa 70 mwaka 2007 ina nguvu tamu, lakini kwa tope letu baadhi ya maamuzi ya wabunifu hayakuwa mazuri. Alteneta iko chini, inakula tope. Stata iko katikati ya V, chini ya mabomba ya hewa, hivyo kuibadilisha ni kazi ya siku nzima. Na ili injini ienee, ekseli ya mbele ilipanuliwa kuliko ya nyuma, kwa hiyo tairi za nyuma hazifuati njia iliyofunguliwa na za mbele. Kwenye tope zito utalihisi hilo kabisa.

Injini zote za reli ya pamoja (bomba moja la mgandamizo linalolisha noseli zote), ikiwemo 1KD ya Prado na Hilux, zinauawa na dizeli yenye maji. Noseli zake zina matundu membamba na zinafanya kazi kwa mgandamizo mkubwa mno. Usijaze dizeli ya madumu. Fungua kichuja maji kila kilomita 2,000, mimina hadi itoke safi, na beba filta moja ya akiba.

11. Patrol, Prado, Hilux na Jimny zinasimama wapi?

Patrol yenye TD42 ni gari lililodharauliwa bila sababu: lita 4.2, taimingi ya gia zisizohitaji mkanda, ekseli nene. Shida ni spea za bodi. Patrol yenye ZD30 ya lita 3.0 ya mwanzo iepuke, kwa kuwa pistoni zake zilijulikana kuungua.

Prado yenye 1KZ ni ya raha, lakini silinda hedi yake hupasuka ikichemsha. Hilux ya zamani yenye 3L au 5L haina mbwembwe na haina makuu.

Jimny ndiyo chaguo sahihi kwa wengi wanaotamani mkonga (bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi paani). Ina uzito wa kama tani 1 tu, chesesi ya ngazi, ekseli nzima mbele na nyuma, na gia nzito. Tope linalomeza pikapu yenye mzigo, Jimny inapita juu yake. Mapungufu yake ni mawili: nafasi kati ya tairi zake za kushoto na kulia ni ndogo kuliko kati ya mifereji ya malori, hivyo hutembea upande mmoja juu na mwingine chini, na beringi za kingpini (zinazoruhusu tairi za mbele kukata kona) zikichoka, usukani hutetemeka vikali kwenye mwendo wa 60 hadi 80. Watu hubadilisha shokapu ya usukani ili kuficha mtetemo. Kingpini ndizo zibadilishwe.

## Barabarani

12. Nishukeje Kitonga au kona 57 za Chimala bila breki kuisha?

Kwa injini, si kwa mguu. Kabla ya mteremko kuanza, chagua gia ambayo ungeipandia. Kitonga ni lami, kwa hiyo gia ya 2 au ya 3 inatosha kwa gari lenye mzigo. Barabara ya Chimala kwenda Matamba ni nyembamba na kona zimebana. Ukiwa umejaza, tumia gia nzito ya 2 au ya 3. Kumbuka onyo la swali la 6 kama uso ni mkavu na mgumu.

Kanyaga breki kwa vipindi: punguza mwendo vizuri, achia, acha zipoe. Kugusa breki mfululizo ndiko kunakochemsha mafuta yake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, na yenye unyevu huchemka mapema. Pedali inazama hadi chini bila kushika kitu. Badilisha mafuta hayo kila miaka 2.

Gia ikiwa na tabia ya kuruka ukishuka, gari hilo lisiende mlimani hadi giaboksi ifunguliwe.

Kwa wenye Defender: hendibreki inashika propela shafti ya nyuma, si tairi. Usiivute gari likiwa kwenye mwendo, labda breki zote zimekufa.

13. Upepo wa tairi uwe kiasi gani kwenye tope la masika?

Kwa tairi za 7.50R16 au 235/85R16 zisizo na mzigo mkubwa, anza na psi 35 mbele na 40 nyuma kwenye lami. Kwenye tope refu shuka hadi 22 hivi, tairi itanuke na kushika. Ikiwa ina mpira wa ndani, usishuke chini ya 20: tairi huzunguka kwenye ringi na kung'oa mdomo wa mpira. Ukirudi kwenye changarawe, rudisha upepo. Tairi laini kwenye mawe ya Tungamalenga hupasuka ubavuni.

Udongo una tabia zake. Mwekundu wa Tukuyu ukilowa ni sabuni, na barabara imeinuka katikati, kwa hiyo kaa katikati na usiguse breki. Mweusi wa mbuga za Usangu unanata na kujaza meno ya tairi hadi liwe duara laini. Huko ongeza mzunguko kidogo ili tairi lijisafishe, na usisimame. Na ukianza kuchimba, acha mara moja. Dakika 20 za koleo ni afadhali kuliko ekseli kukalia udongo.

14. Mkonga unaniruhusu kuvuka mto wowote?

Hapana. Mkonga unapandisha mdomo wa hewa tu. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 imepewa kina cha sentimita 70, Defender ya zamani 50. Zaidi ya hapo mipaka ni umeme, feni inayoweza kujipinda na kukata rejeta, na gari kuanza kuelea.

Mkonga wenyewe huwa na tundu la siri: mpira unaouunganisha na boksi la filta, na vali ndogo ya kutolea vumbi chini ya boksi. Jaribu hivi: injini ikiwa kwenye sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), ziba mdomo wa mkonga kwa kiganja na nailoni. Injini ikizima, mkonga ni mzima, hauvujishi. Ikiendelea kuunguruma, inavuta hewa mahali pengine, na siku ya maji itavuta maji. Fanya hivyo taratibu, mara moja tu.

Ukifika mtoni na habu zina moto, subiri dakika 15. Habu ya moto ikiingia maji ya baridi huvuta maji kupitia sili. Mabomba ya kupumulia ya difu yapandishwe hadi juu ya injini. Baada ya kuvuka, fungua bolti ya difu ya kujazia: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage yote.

15. Naweza kupakia magunia mangapi?

Land Cruiser 79 inabeba karibu tani 1, dereva akihesabiwa. Gunia la kilo 100: tisa. Lakini viazi vya huku hufungwa lumbesa, na lumbesa moja inaweza kufika kilo 130. Hapo hesabu ni saba, wala si kumi na tano kama inavyoonekana barabara ya Makete. Chesesi hupindia nyuma ya kebini, hasa mzigo ukirefushwa nyuma ya ekseli. Ukiona pengo kati ya kebini na bodi ya mzigo limekuwa pana juu kuliko chini, chesesi imeanza kuinama.

16. Fundi amesema ang'oe thamostati ili gari lisichemshe. Nikubali?

Usikubali. Injini itakaa baridi, itakula dizeli, na oili itachafuka haraka. Kwenye baridi ya Makete haitafikia joto lake kabisa. Gari linalochemsha lina sababu: rejeta imeziba, feni haishiki, au gasketi. Thamostati mbovu ibadilishwe kwa nzima. Ikague kwa kuichemsha kwenye sufuria: inapaswa kufunguka kabla maji hayajatokota.

## Spea na matengenezo

17. Nitajuaje spea feki, na mtumba wa Japani unafaa?

Linganisha na kile kilichotoka: uzito, unene wa chuma, namba iliyochongwa. Beringi feki ni nyepesi na ukizungusha inasikika kavu. Usifanye uchumi kwenye mkanda wa taimingi, pampu ya maji, beringi za habu, raba za breki na thamostati.

Mtumba halisi unaushinda mpya wa bandia kwa giaboksi, difu, transfa, propela, stata, milango. Usinunue mtumba wa kitu chochote cha raba, klachi au breki.

Kuhusu uvujaji, kwa kuwa unaulizwa sana: Land Rover kulowa oili kidogo ni kawaida, kudondosha si kawaida. Chini ya kifuniko cha taimingi cha 300Tdi na chini ya nyumba ya flaiwili kuna matundu madogo. Oili ikitoka la mbele, sili ya krenki au kamu imechoka na oili inaloweka mkanda, kwa hiyo sili na mkanda vibadilishwe pamoja. Ikitoka la nyuma, ni sili ya nyuma ya krenki au ya giaboksi. Kwenye Land Cruiser, grisi nyembamba inayochirizika kwenye kiungo cha ekseli ya mbele maana yake oili ya difu imevuka sili ya ndani. Ukipangusa na kuondoka, utarudi kununua sivi-jointi (kiungo kinachozungusha tairi la mbele).

## Kununua

18. Nikague nini kabla ya kulipa?

Fika asubuhi na umwambie muuzaji asiwashe. Shika injini: ikiwa ya moto, amekuficha namna inavyowaka. Fungua rejeta ukatazame rangi ya maji, na kama kuna mafuta yanayoelea. Washa, fungua kifuniko cha oili. Mvuke kidogo si neno, lakini kikirushwa na pumzi za kupiga, ringi za pistoni zimekwisha.

Lala chini na nyundo ndogo. Gonga chesesi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinasikika kama kadibodi. Kwa Land Rover gonga muhimili wa mwisho wa nyuma na mikono inayobeba bodi. Kwa Land Cruiser gonga vishikio vya springi na juu ya ekseli ya nyuma. Rangi nyeusi mpya kwenye chesesi ya gari kuukuu ni sababu ya kugonga mara mbili.

Jaribu fowili kwenye udongo, si kwenye lami. Ingiza gia nzito, panda kitu, shuka bila breki, sikiliza kama gia inaruka. Mlio mmoja wa kugonga ukiachia klachi kwenye Defender mara nyingi ni meno ya flenji za ekseli, na si ghali. Mwisho, linganisha namba ya chesesi na ya injini na kadi ya gari.

19. Magari ya mnada, ya miradi, ya mashirika ya dini: yanafaa?

Mara nyingi ndiyo, kwa kuwa yana daftari la sevisi. Omba daftari hilo. Ila yalipita kwa madereva wengi, kwa hiyo klachi, giaboksi na bushi huwa zimechoka kuliko kilomita zinavyosema.

## Mambo yasiyo ya kawaida

20. Nifunge tabo kwenye 1HZ?

Itapanda Kitulo vizuri, lakini injini haikubuniwa hivyo. Toyota ilipotaka tabo ilitengeneza 1HD yenye uchomaji wa moja kwa moja. 1HZ yenye tabo na dizeli iliyoongezwa hupasuka hedi palepale palipotajwa swali la 8. Anayesisitiza atumie mgandamizo mdogo, asiongeze dizeli hovyo, na afunge geji ya joto la eksozi. Bila geji hiyo, usianze.

21. Naweza kuweka injini ya Toyota au Nissan kwenye Land Rover?

Inafanyika, na jeshi la Australia lilikuwa na 110 za kiwandani zenye Isuzu ya lita 3.9. Kinachoharibu kazi nyingi ni bamba la kuunganisha injini na giaboksi: likiwa nje ya mstari hata kwa nusu milimita, beringi ya mbele ya giaboksi huisha ndani ya miezi. Injini nzito pia inahitaji koili nene mbele na rejeta kubwa. Namba ya injini ikibadilika, kadi ya gari irekebishwe TRA, la sivyo utakwama siku ya kuliuza. Kama 300Tdi yako ina chesesi nzima, kuifufua kwa kawaida ni nafuu kuliko kuigeuza.

22. Defender mpya bado ni Land Rover?

Ile ya zamani ilikoma Solihull Januari 2016. Mpya inaundwa Nitra, Slovakia, haina chesesi ya ngazi wala ekseli nzima, na inavuka maji ya sentimita 90. Ina uwezo mkubwa barabarani na nje ya barabara. Ila kosa dogo la sensa linahitaji komputa ya kulisoma, na hilo ukiwa Bulongwa usiku wa mvua hakuna spana itakayolimaliza. Anayeichukua apange sevisi zake mjini kabla ya safari, si baada ya taa kuwaka.